Waru za Mwaka wa Kwanza

"Mwaka wa kwanza, daktari, sikuweka hata kijiko cha mbolea," aliniambia mama mmoja anayelima waru kati ya visiki vya saipresi kule Kabaru, kwenye Mlima Kenya, juu ya Kiganjo. "Nilivuna magunia mpaka nikakosa pa kuyaweka. Huu ni mwaka wa tatu, nimenunua DAP, na angalia." Akachimbua shina moja kwa jembe, akapangusa udongo kwa kidole gumba, akanionyesha waru nne zenye ukubwa wa ndimu. "Kwani udongo nao huchoka kama mtu?"

Kazi yangu ni udongo wa misitu ya milimani, na sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Siku ile nilimjibu nusu nusu, maana mvua ilikuwa karibu na yeye alikuwa na kazi. Hapa nataka kulijibu lote. Jibu lake linawahusu pia wanaopanda miche kwa mamilioni, wanaouza kaboni, na yeyote anayekunywa maji ya mto Thego.

Wakenya wengi huijua Kiganjo kwa Chuo cha Polisi. Wenyeji huongeza kiwanda cha maziwa, stesheni ya reli ya Nanyuki, na kituo cha kuzalisha samaki wa trauti. Mimi huanzia kwa huyo samaki. Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa Kenya mwaka 1905, na anaishi tu mahali maji yalipo baridi, safi na yenye hewa ya kutosha. Thego na Sagana zinampa maji hayo kwa sababu zinatoka msituni. Msitu ukibadilika huko juu, mto huwa wa kwanza kujua, muda mrefu kabla ya sisi wa barabarani.

Tuanze na fumbo la nitrojeni. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Shina la waru limesimama ndani yake mchana na usiku, na bado linaweza kufa kwa kuikosa, kama mwenye njaa aliyelala mlangoni mwa ghala lililofungwa. Kufuli la ghala hilo ni jinsi chembe mbili za nitrojeni zilivyoshikana, mshikamano wenye nguvu kuliko karibu wowote mwingine wa hewani. Radi huweza kuuvunja. Viwanda vya mbolea huuvunja kwa joto na mgandamizo mkubwa, tangu Wajerumani walipofungua kiwanda cha kwanza mwaka 1913. Na bakteria wachache huuvunja kimya kimya ndani ya udongo, wengi wao wakiishi kwenye vifundo vya mizizi ya maharagwe, ya mihuti na ya mikurwe. Ukiacha njia hizo, mimea mingi ya msituni hula nitrojeni iliyokwisha kuliwa na mwingine. Jani linaanguka, linaoza, nitrojeni yake inachukuliwa na mzizi, inapanda kwenye jani jipya. Msitu mzima unaishi kwa kupokezana.

Kaboni ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha safu hii. Mti wowote wenye majani mabichi na jua huichukua kaboni moja kwa moja hewani. Ukiimwaga leo, saipresi itakurudishia kesho. Ukiimwaga nitrojeni, saipresi haina la kufanya.

Piga magoti mahali msitu wa asili ulipobaki, chini ya podo au muiri, ufukue kwa mkono. Majani ya juu ni makavu na mazima. Chini yake kuna majani yaliyobaki mishipa tu, kama wavu wa samaki. Ukishuka zaidi huoni tena jani. Unakuta mboji nyeusi, laini, yenye unyevu, iliyofumwa kwa nyuzi nyeupe za kuvu zilizo nyembamba kuliko uzi wa buibui. Mizizi midogo imepanda juu kuifuata mboji hiyo, mingine imejipenyeza ndani ya jani ambalo bado linaoza. Sasa nenda kwenye safu za saipresi zilizo karibu. Unakanyaga zulia la kahawia linalobonyea kama godoro. Fukua: utaona kwamba vijani vya zamani bado vina umbo lake, vimelaliana, vikavu hata baada ya mvua ya juzi.

Kinacholeta tofauti hiyo ni chakula. Vijiumbe vinavyoozesha majani vinahitaji kaboni kwa nguvu na nitrojeni kwa kujenga miili yao. Fikiria kaboni kuwa ugali na nitrojeni kuwa mboga. Jani lenye uzito wa kaboni kama mara 25 ya nitrojeni ni sahani iliyopangwa sawasawa. Likiwa na mboga zaidi ya hapo, vijiumbe vinashiba na kuiachia mimea inayobaki. Likiwa na ugali mwingi na mboga kiduchu, kama vijani vya saipresi na paini vilivyo, kijiumbe hakiwezi kuumaliza ugali mpaka kikaombe mboga kwa jirani. Kinanyonya nitrojeni ya udongoni, na mmea unaosubiri unakosa.

Katika nchi ya chai, jambo hili linapimika kwa pakiti za chai. Mwaka 2013 wanasayansi wa Uholanzi walichapisha njia rahisi: unazika mfuko wa chai ya kijani na mfuko wa rooibosi ya Afrika Kusini, unaifukua baada ya siku 90, unapima uzito uliobaki. Chai ya kijani ina kaboni kama mara 12 ya nitrojeni. Rooibosi mara 43 hivi. Ya kwanza huliwa haraka, ya pili hungoja. Joscha Becker na Yakov Kuzyakov waliipeleka mifuko hiyo Kilimanjaro, kuanzia savana hadi juu, na wakaona kwamba uozaji unashika kasi katikati ya mlima, penye joto na unyevu kwa pamoja. Kabaru iko kwenye ukanda wa namna hiyo. Mahali petu ni pa moto mwingi wa jikoni, ukipenda kusema hivyo: chochote kinachowekwa chini hupikwa.

Lakini ugunduzi mkubwa zaidi juu ya kaboni na nitrojeni katika udongo wetu haukutoka Uholanzi. Ulitoka Muguga, pale Kikuyu, miaka ya 1950, katika taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki. H. F. Birch, mwanakemia wa udongo, alifanya jambo ambalo mkulima yeyote angeweza kulifanya kama angekuwa na maabara. Alichukua udongo, akaukausha, akaumwagia maji, akapima. Udongo uliokuwa umelala ukalipuka kwa uhai. Kaboni dioksidi ikatoka kwa wingi ndani ya saa na siku chache, na pamoja nayo nitrojeni ambayo mimea inaweza kuila. Baadaye kasi ikashuka. Akaukausha tena, akaunywesha tena, mlipuko ukarudi. Akaona pia kwamba kadiri udongo unavyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa. Makala yake ya mwaka 1958 bado inasomwa duniani kote, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina lake, athari ya Birch. Naona uchungu kwamba wanafunzi wengi wa Kenya hulisikia jina hilo kwa mara ya kwanza wakiwa ng'ambo.

Wazee walijua upande wake mmoja. Waliojiandaa mapema, mbegu ikawa ardhini mvua ya kwanza inaposhuka, walivuna kuliko jirani aliyengoja wiki mbili. Sehemu ya siri ilikuwa hiyo nitrojeni ya siku za mwanzo, ambayo haimngoji mtu. Hata harufu ile ya mvua ya kwanza, inayomfanya mtoto asimame mlangoni, inatoka kwa bakteria wa udongoni. Pua yako inanusa kazi yao.

Sasa turudi kwa mama wa Kabaru. Saipresi zinapokatwa, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Kivuli kinaondoka, udongo unapata jua. Jembe linavunja mabonge madogo ambayo ndani yake mboji ilikuwa imejificha kwa miaka. Na mizizi ya miti, iliyokuwa ikiidaka kila punje ya nitrojeni, imekufa. Kila kiangazi udongo huu ulio wazi unakauka zaidi kuliko ulivyokauka chini ya miti, na kila mvua inaleta mlipuko wa Birch mkubwa kuliko msitu ulivyouzoea. Hizo ndizo waru za mwaka wa kwanza.

Nifanye hesabu, na niseme wazi kwamba ni mfano wangu wa makadirio. Chukua hekta moja ya udongo mweusi wa volkano, sentimita 30 za juu, wenye kaboni asilimia 5. Ni udongo mwepesi, kwa hiyo uzito wake ni kama tani 2,400, na ndani yake mna tani 120 za kaboni. Katika mboji iliyokomaa, kaboni huwa kama mara 11 ya nitrojeni. Basi mna tani 11 hivi za nitrojeni. Kilimo kikiozesha asilimia 3 ya mboji hiyo kwa mwaka, zinaachiliwa kilo 330 za nitrojeni. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una nitrojeni kilo 9. Kwa kila ekari, basi, udongo umempa mama huyu nitrojeni ya mifuko zaidi ya 14 bila malipo, ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana kijiko cha mbolea hakikuhitajika.

Lakini waru tani 10 huondoka shambani na kilo 30 hivi tu za nitrojeni. Hata akivuna misimu miwili, hiyo ni kilo 60. Kilo nyingine 270 ziko wapi? Sehemu imeliwa na magugu na majani ya waru yenyewe, ikarudi chini. Sehemu imepaa kama gesi, na mojawapo ya gesi hizo, nitrasi oksidi, hupasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Na sehemu imegeuka nitrati. Nitrati haishikwi vizuri na udongo, hufuata maji. Shamba lenye mteremko, mvua kubwa ya mwezi wa nne, hakuna mizizi mirefu ya kuidaka: inakwenda Thego.

Hili lilithibitishwa kwa njia kali huko New Hampshire, Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1965 Gene Likens, Herbert Bormann na wenzao walikata miti yote ya bonde dogo katika msitu wa Hubbard Brook, wakaiacha ilale chini, na kwa dawa wakazuia chochote kisiote tena. Kiwango cha nitrati katika kijito cha bonde hilo kikapanda zaidi ya mara 40, maji yakapita kipimo kinachoruhusiwa kwa kunywa, na mwani ukajaa. Hawakuwa wamelima wala kuweka mbolea. Waliondoa tu walaji, na meza ikamwagika. Huku kwetu, Suzanne Jacobs na wenzake walipima vijito vya Mau na kuona nitrati ndogo kabisa katika mabonde ya msitu wa asili, na kubwa kabisa, mara kadhaa zaidi, katika mabonde ya mashamba makubwa ya chai na miti. Hapo mbolea ya chai ilihusika, kwa hiyo siwezi kuichukua Mau na kuibandika juu ya Kabaru. Lakini mto ulitofautisha, na hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Pamoja na kilo 330 za nitrojeni, kumbuka, kuna ugali wake. Kila kilo moja ya nitrojeni iliyoachiliwa na mboji imeondoka na kaboni kilo 11 hivi. Ni tani 3.6 za kaboni kwa hekta, zaidi ya tani 13 za kaboni dioksidi, kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ya kulima, tani 10 na ushei za kaboni.

Hapa wapenzi wa miti wengi watadhani nitapiga kelele. Sipigi. Shamba zuri la saipresi likishika kasi huweka tani 4 au 5 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Deni la kaboni la waru linalipwa na miti hiyo ndani ya miaka michache, na hadi siku ya kukatwa, miaka 30 hivi baadaye, daftari la kaboni linaonyesha faida nono. Mkaguzi atapitia, atapima unene wa mashina, ataandika tani, ataondoka ameridhika. Atakuwa amesema kweli.

Daftari la pili ndilo halifunguliwi. Nitrojeni iliyoachiliwa kwa miaka mitatu ni karibu tani moja. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba nusu yake ilibaki kwenye udongo na magugu. Nusu tani imepotea. Magogo yanapopakiwa kwenye lori pamoja na magome yake, yanaondoka na kilo nyingine 150 hivi. Mvua, ikileta kilo 10 kwa mwaka, itarudisha kilo 300 katika miaka 30. Saipresi yenyewe hairudishi chochote, kwa sababu haina vifundo. Hasara ni kilo 350 kwa kila mzunguko, asilimia 3 ya akiba. Ukichoma matawi badala ya kuyaacha yaoze, ongeza. Mteremko ukiwa mkali na udongo wenyewe ukisombwa, ongeza sana, kwa maana hapo hupotezi nitrojeni iliyoachiliwa tu bali ghala lenyewe.

Asilimia 3 katika miaka 30 haimshtui mtu, na hapo ndipo ubaya ulipo. Akiba ya udongo haina sarafu za aina moja. Ipo mboji changa, inayoachilia nitrojeni kwa miezi, na ipo mboji kongwe, iliyogandamana na madini ya volkano, inayoachilia kwa karne. Tunachomaliza kwanza ni ile changa. Jumla katika maabara bado inapendeza wakati mkulima ameshaanza kuchimbua ndimu. Udongo wa mama yule haukuisha. Umebaki na fedha zilizofungiwa benki asizoweza kuzitoa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Kakamega na Nandi. John Kimetu na wenzake walipanga pamoja mashamba yaliyofyekwa msituni kwa nyakati tofauti, mengine miaka mitano tu iliyopita, mengine miaka 105. Mahindi yalipungua kwa asilimia 66 katika miaka 35 ya kwanza, kisha yakabaki chini. Na hata walipoyapa mbolea kamili ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, mashamba ya zamani hayakurudi kwenye mavuno ya mwanzo. Yaligota kwenye tani 3 kwa hekta. Mboji ilipokwisha, iliondoka na mengi zaidi ya chakula: uwezo wa kushika maji, hewa, na mbolea yenyewe. Kilichoinua mavuno ni kurudisha vitu vya asili ardhini, na majani ya alizeti mwitu, ile inayoota kando ya barabara na yenye nitrojeni tele, yalishinda maranda ya mbao kwa mbali. Mboga kwa ugali, tena.

Mtaalamu mwenzangu anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Atasema misitu ya milima ya volkano haina njaa ya nitrojeni. Ni kweli kwa msitu mkongwe. Mwaka 2015 Tobias Rütting na wenzake, akiwemo Landry Cizungu wa Bukavu, walichapisha matokeo ya msitu wa asili wa Nyungwe, Rwanda: nitrojeni nyingi inageuzwa nitrati, na mfumo wenyewe unavuja, hata pasipo mkulima. Magharibi zaidi, katika bonde la Kongo, Marijn Bauters na wenzake walipima nitrojeni inayoshuka na mvua na kupata kilo 18 hivi kwa hekta kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa imetokana na moshi wa mioto ya mbali. Kinachopotea kwenye savana inayoungua kinanyeshea msitu wa jirani. Ukisoma hayo unaweza kudhani hatuna shida.

Mimi nayasoma vingine. Msitu unaovuja ni msitu uliojaa. Umechukua karne nyingi kujaa, na kwa sababu umejaa, waru za mwaka wa kwanza zinakuwa kubwa na hasara ya asilimia 3 haionekani. Mizunguko ya kwanza ya saipresi ilipandwa juu ya utajiri ambao saipresi haikuuweka. Mfumo wa shamba, yaani kulima chakula kati ya miche ya miti, ulianza Kenya mnamo 1910. Sehemu nyingi za miteremko hii zimekwisha kukatwa na kulimwa zaidi ya mara moja. Tunakadiria mavuno ya mzunguko ujao kana kwamba udongo ni uleule wa babu.

Na dunia imeshaona kaboni ikikwama kwa kukosa nitrojeni. Huko Oak Ridge, Tennessee, Richard Norby na wenzake waliipulizia miti kaboni dioksidi ya ziada kwa miaka kadhaa. Mwanzoni ukuaji uliongezeka kwa asilimia 24. Kufikia mwaka 2008 nyongeza ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9, kwa kuwa nitrojeni ya udongo haikutosha kuendana na karamu hiyo. Ugali ulimiminwa, mboga ikaisha.

Haya yana uzito leo kuliko jana. Tangu Desemba 2022 tuna lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023 ili kusimamia soko la kaboni. Eneo letu lina uzoefu wa biashara hiyo. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lake Wangari Maathai lilitia saini mkataba wa kaboni na Benki ya Dunia mwaka 2006, kwa miti ya Aberdare na Mlima Kenya. Na thamani ya misitu yetu si ndogo: utafiti mkubwa ulioongozwa na Aida Cuni-Sanchez, wa mwaka 2021, ulipima misitu ya milima katika nchi 12 za Afrika na kupata wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta katika miti iliyo juu ya ardhi, kiwango kinacholingana na cha misitu ya tambarare ya bara letu. Lakini mikataba huhesabu tani za kaboni. Sijaona hata mmoja unaouliza nitrojeni itatoka wapi katika mzunguko wa pili na wa tatu.

Nifanyeje basi na mama wa Kabaru? Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, aliupinga mfumo wa shamba waziwazi, na mfumo huo ulipigwa marufuku mwaka 2003 kabla ya kurudi kwa jina la PELIS. Namheshimu kwa hilo, na mahali penye msitu wa asili au mteremko mkali nasimama naye bila kusita. Kwenye shamba la saipresi lililokatwa juu ya ardhi tambarare sisimami naye. Wakulima hawa ndio wanaopalilia miche, na bila wao miche mingi ingemezwa na nyasi. Ninachotaka kibadilike ni namna, na nina mambo ninayoyasisitiza kila nikipata nafasi ya kuzungumza na chama cha misitu cha wanakijiji.

Matawi yasichomwe. Majivu humpa mkulima potasiamu na fosforasi kwa msimu mmoja, lakini karibu nitrojeni yote ya tawi huondoka na moshi. Miaka ya kulima iwe miwili, isiwe mitatu, na mwaka wa pili uwe wa maharagwe au njegere. Na katikati ya safu za saipresi ipandwe miti yenye vifundo. Huko Panama, Sarah Batterman na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba katika misitu inayojirudia, miti ya aina hiyo ilitoa zaidi ya nusu ya nitrojeni iliyohitajika na msitu wote katika miaka 12 ya mwanzo. Sisi tunayo tayari. Muhuti uko kwenye nyua zetu. Kaliandra imo mashambani tangu watafiti wa Embu walipoieneza kama chakula cha ng'ombe miaka ya 1990, na ng'ombe akiila, nitrojeni inaishia kwenye mkebe wa maziwa unaoteremka Kiganjo. Muthanduku siupendekezi, ingawa una vifundo, kwa sababu ukishaingia hautoki.

Na tunao mukurwe. Wagikuyu waliuweka mti huo mwanzoni kabisa mwa hadithi yao, pale Mukurwe wa Nyagathanga, na Mukurwe-ini inabeba jina lake hadi leo. Sijui mti mwingine wa kwetu wenye heshima hiyo na ambao pia unalisha udongo unaouzunguka. Kwenye vitalu vingi nilivyopita, nimehesabu safu za saipresi, paini na mikaratusi hadi nikachoka, nikatafuta mche mmoja wa mukurwe nisiuone.

Jambo la mwisho ni kupima. Miaka ya 1950 watafiti wa Muguga walianza majaribio ya mabonde, mojawapo Kimakia kwenye Aberdare, ambapo mianzi ilifyekwa, mboga zikalimwa, paini zikapandwa, na mto ukapimwa mwaka baada ya mwaka. Swali lao lilikuwa wingi wa maji. Bonde la aina hiyohiyo, hapa, lenye swali la nitrojeni, halihitaji mitambo ya ajabu. Chuo Kikuu cha Karatina kiko ukingoni mwa msitu huu huu. Wanafunzi wake wawili wenye pikipiki na chupa safi wangetosha kuanza.

Mimi nimeanza na chupa tatu. Usiku wa mvua ya kwanza ya mwaka huu nilikuwa Thego, saa nne, koti limelowa hadi ndani. Chupa ya kwanza niliichota juu, mto unapotoka msitu wa asili, ya pili chini ya mashamba ya waru, ya tatu karibu na Kiganjo, kwenye daraja. Mwanga wa tochi ulionyesha maji ya chupa ya juu yakiwa na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Ya pili ilikuwa nyekundu, na mchanga ulikuwa umeanza kutulia chini kabla sijaifunga kifuniko. Yule mama alikuwa amekuja na mwavuli wa mwanawe. Alizishika hizo mbili, akazipandisha kwenye mwanga, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile nyekundu, nikimaliza kuipima, naweza kumrudishia shambani.